Jina Moja kwa Ugonjwa Mmoja: Jitihada za Kusawazisha Uchunguzi wa Saratani ya Tezi za Mlango wa Kizazi

Mtu aliyezoea kununua nafaka sokoni anafahamu kwamba bei ya kibaba haimwambii neno mpaka kwanza akione kibaba chenyewe. Kopo lililobonyezwa kitako hujaa upesi kuliko kopo zima, na yote mawili huitwa kibaba. Ndiyo sababu mizani hukaguliwa na kupigwa mihuri, ili kilo ya Mtwara iwe sawa na kilo ya Mwanza. Katika maabara za hospitali pia vimo vipimo vya namna hii. Mtaalamu anapotazama kipande cha nyama ya mwili kwa hadubini na kuandika kwamba saratani imepenya milimita 4, daktari wa upasuaji huyachukua maneno hayo na kuamua kwayo ni kiasi gani cha mwili wa mgonjwa kitakachokatwa. Iwapo mtaalamu mwingine, kwa kutazama kipande kilekile, angeandika milimita 6, basi hatima ya mwanamke huyo ingetegemea maabara ambayo kipande chake kilipelekwa.

Makala haya yanaeleza jitihada zilizofanywa na wataalamu wa patholojia, yaani elimu ya kuutambua ugonjwa kwa kuchunguza viungo na seli za mwili, ili kuondoa hitilafu za aina hiyo katika ugonjwa mmoja mgumu: saratani inayoanzia katika tezi za mlango wa kizazi.

Ugonjwa wenyewe

Mlango wa kizazi ni sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, inayotokeza ukeni. Upande wake wa nje umefunikwa kwa seli bapa zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, mfano wa ngozi. Upande wa ndani, katika mfereji unaoelekea kwenye mfuko wa uzazi, kuna safu moja ya seli ndefu zinazotoa ute. Safu hiyo hujikunja na kuzama nyamani, ikafanya vishimo ambavyo wataalamu huviita tezi.

Saratani nyingi za mahali hapa huanzia katika seli bapa. Zile zinazoanzia katika seli za tezi huitwa adenokasinoma, nazo kwa makadirio ni kati ya asilimia 10 na 25 ya saratani zote za mlango wa kizazi. Katika nchi ambazo wanawake wamekuwa wakipimwa kwa miaka mingi, sehemu hiyo imeongezeka. Sababu yake si ngumu kuielewa. Kipimo cha kukwangua seli na kuzitazama kwa hadubini, ambacho George Papanicolaou alikitangaza pamoja na Herbert Traut katika kitabu chao cha mwaka 1943, kimefaulu sana kugundua mapema mabadiliko ya seli bapa. Seli za tezi zimejificha ndani ya mfereji na katika vishimo vyake, na mara nyingi kifaa cha kukwangulia hakizifikii. Hivyo aina moja ya ugonjwa imepungua, na nyingine imebaki.

Kwa jumla mzigo wa ugonjwa huu ni mkubwa. Kwa makadirio ya mwaka 2022, wanawake wapatao 660,000 ulimwenguni waligunduliwa kuwa na saratani ya mlango wa kizazi, na wapatao 350,000 walifariki kwa ajili yake. Nchini Tanzania ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi kupita nyingine zote.

Safari ya kipande cha tishu

Ili tuelewe hitilafu hutokea wapi, yatupasa kwanza tufuate safari ya kipande cha tishu tangu kinapokatwa mpaka taarifa inapoandikwa.

Daktari akishakikata, hukitia mara moja katika fomalini ya asilimia 10, ili kisioze. Kikicheleweshwa, seli huanza kuyeyuka, na hakuna utaalamu utakaozirudisha. Maabara hukipima kipande, hukipaka wino kingoni ili mpaka wa kisu ujulikane baadaye, kisha hukikata vipande vyembamba na kuvigandisha ndani ya nta. Kutoka katika nta hukwanguliwa tabaka zenye unene wa mikromita 3 hadi 5 tu, zikabandikwa juu ya vioo na kutiwa rangi mbili: hematoksilini, inayovitia viini vya seli rangi ya buluu, na eosini, inayozitia sehemu nyingine rangi ya waridi.

Hapo ndipo mwanapatholojia anapoketi mbele ya hadubini. Analoliona ni picha tambarare ya kitu kilichokuwa na urefu, upana na kina. Tezi iliyojipinda, ikikatwa na wembe, huonekana kama viduara vingi visivyoungana. Ni lazima aamue: je, viduara hivi ni tezi zilizokaa mahali pake, ila seli zake zimeharibika, au ni saratani iliyokwisha kuvunja mpaka na kuingia nyamani? Katika saratani ya seli bapa mpaka huo huonekana kwa urahisi zaidi. Katika saratani ya tezi mara nyingi haupo wa kuonekana, kwa kuwa hata tezi zenye afya huzama nyamani kwa milimita kadhaa.

Majina mengi yasiyoeleza chanzo

Kwa muda mrefu saratani hizi ziliainishwa kwa sura: kama seli zina ute mwingi au mchache, kama zinafanana na seli za utumbo au za ukuta wa mfuko wa uzazi, kama zimefanya vidole virefu. Njia hii ilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, wataalamu hawakukubaliana juu ya kiasi cha ute kinachotosha kuiita saratani kuwa ya ute, kwa hiyo kioo kimoja kiliweza kupewa majina mawili. Pili, majina hayo hayakusema lolote juu ya chanzo cha ugonjwa.

Afrika ya Mashariki inayo historia yake katika jambo hili. Mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwapata watoto. Uvimbe wa watoto hao ulionekana pia katika figo, ovari na viungo vingine, na ulikuwa umepewa majina mbalimbali kwa kadiri ya mahali ulipoota. Wanapatholojia wa Kampala walipozilinganisha sampuli, walionyesha kwamba mengi ya magonjwa hayo yaliyoitwa kwa majina tofauti ni ugonjwa mmoja, aina ya limfoma. Baada ya kujulikana kuwa ni mmoja, chanzo chake kiliweza kutafutwa, na mwaka 1964 watafiti wa London walitangaza kwamba wameona virusi ndani ya seli zake. Majina yaliyotawanyika yangeuficha ushahidi huo kwa muda mrefu zaidi.

Kwa upande wa mlango wa kizazi, chanzo kikuu kilianza kufahamika miaka ya 1983 na 1984, wakati Harald zur Hausen na wenzake huko Ujerumani walipotambua aina ya 16 na ya 18 ya virusi vya papiloma katika saratani hiyo. Kwa kazi hiyo alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Baadaye ilidhihirika kwamba saratani nyingi za tezi husababishwa na virusi hivyo, hasa aina za 16, 18 na 45, lakini si zote. Baadhi huota pasipo virusi vyovyote.

Mfano mashuhuri wa hizi za pili ni ule unaofanana na tezi za tumbo la chakula. Mwaka 1870 daktari Mjerumani Adolf Gusserow alieleza saratani ya mlango wa kizazi ambayo tezi zake zilikaribia kabisa kufanana na tezi za kawaida, huku ikiua. Mwaka 2007 watafiti wa Japani walionyesha kwamba saratani zenye tabia ya tezi za tumbo zina matokeo mabaya kuliko nyingine za ute. Katika hesabu za zamani zote zilikuwa zikitiwa katika kapu moja.

Mgawanyo wa mwaka 2018

Mwaka 2018 kundi la wanapatholojia wa nchi mbalimbali lilichapisha vigezo vipya vya kimataifa vya kuainisha adenokasinoma ya mlango wa kizazi, baada ya kupitia sampuli za wagonjwa 409. Swali la kwanza katika vigezo hivyo ni hili: je, saratani hii inatokana na virusi vya papiloma au haitokani navyo?

Jambo la kufurahisha ni kwamba swali hilo mara nyingi laweza kujibiwa kwa hadubini ya kawaida na rangi mbili tulizozitaja. Seli zilizotawaliwa na virusi hugawanyika kwa wingi, na nyingine hufa kwa kujivunja zenyewe. Mgawanyiko huo huonekana karibu na uwazi wa tezi, kana kwamba viini vya seli vinaelea juu ya safu. Mwanapatholojia akiviona viini hivyo vinavyogawanyika pamoja na vipande vya seli zilizokufa, hata kwa lenzi ndogo, huiweka saratani katika kundi la virusi. Asipoviona, au akiviona kwa shida, hulifikiria kundi la pili na kutafuta ishara za aina yake mojamoja.

Pale macho yanapotia shaka, vipimo vya ziada husaidia. Kimojawapo hutafuta protini iitwayo p16, ambayo huongezeka sana katika seli zenye virusi. Hata hivyo, saratani chache zisizo na virusi nazo huonyesha protini hiyo, kwa hiyo kipimo hiki hakitoshi peke yake. Vipimo vingine huonyesha kama saratani imetoka katika mlango wa kizazi au imeshuka kutoka katika mfuko wa uzazi. Hizo ni saratani mbili zinazofanana sura, lakini matibabu yake ni tofauti.

Shirika la Afya Duniani liliukubali mgawanyo huu katika toleo la tano la kitabu chake cha uainishaji wa saratani za viungo vya uzazi vya wanawake, lililotoka mwaka 2020. Tangu hapo mwanapatholojia anatakiwa aandike si sura ya saratani tu, bali na uhusiano wake na virusi.

Kina au umbo?

Baada ya jina, hufuata kipimo. Kwa utaratibu wa FIGO, yaani Shirikisho la Kimataifa la Wataalamu wa Magonjwa ya Wanawake na Uzazi, uliorekebishwa mwaka 2018, saratani inayoonekana kwa hadubini tu na iliyopenya si zaidi ya milimita 5 huwa katika ngazi ya kwanza ya awali. Ikizidi hapo, hupandishwa. Tofauti hiyo si ya karatasi tu. Chini ya mpaka huo, hasa kwa uvimbe mdogo kabisa, mara nyingine huweza kutosha kukata sehemu ndogo ya mlango wa kizazi, na mwanamke akabaki na uwezo wa kuzaa. Juu yake, kwa kawaida huzungumzwa upasuaji mkubwa pamoja na kuondoa mitoki, ambayo ni vituo vya mwili vya kuchujia limfu.

Lakini kina kipimwe kutoka wapi, endapo mahali saratani ilipoanzia hapaonekani? Mwongozo wa Chama cha Kimataifa cha Wanapatholojia wa Magonjwa ya Wanawake, uliochapishwa mwaka 2021, unashauri uwazi: mtaalamu apime kutoka katika utando wa msingi wa safu ilimoanzia saratani, na kama haiwezekani kuutambua, apime unene wote wa uvimbe na aandike waziwazi kwamba alichopima ni unene. Daktari anayesoma atajua kuwa huenda namba hiyo imezidi kina cha kweli, naye hatamkata mgonjwa kwa kosa la kipimo.

Wataalamu wengine waliona kwamba umbo la uvamizi lasema mengi kuliko kina. Mwaka 2013 kikundi kilichofuata fikra za Elvio Silva kilitangaza uchunguzi wa wagonjwa 352, na kuzigawa saratani zao katika mitindo mitatu. Katika mtindo A tezi zina mipaka safi na haziharibu nyama inayozizunguka. Katika B uharibifu umeanza mahali padogo. Katika C umeenea. Wagonjwa 73 wa mtindo A hawakuwa na saratani katika mitoki hata mmoja wao. Kati ya 90 wa mtindo B walikuwa nayo 4, na kati ya 189 wa mtindo C walikuwa nayo 45.

Msomaji na atazame maana ya tarakimu hizo. Wengi wa wale 73 walikuwa wameondolewa mitoki, na haikupatikana saratani ndani yake. Kuondolewa mitoki kwaweza kuleta uvimbe wa miguu usiopona maisha yote. Kama mtindo A ungetambulika kwa hakika, huenda wanawake wa namna yao wakaepushwa na adha hiyo. Hata hivyo utaratibu huu una masharti yake: ni lazima uvimbe wote uwe umekatwa na kutazamwa, wala haufai kwa saratani zisizo na virusi, kwani hizo huweza kuenea hata zinapoonekana tulivu.

Je, wataalamu wawili huona kitu kimoja?

Sayansi hairidhiki na mwongozo mpaka iupime. Wataalamu hupewa vioo vilevile, kila mmoja peke yake, kisha majibu yao hulinganishwa. Hapa pana mtego. Tuchukue mfano wa kubuni: wataalamu wawili wametazama vioo 100, na kila mmoja amesema vioo 80 vina saratani ya virusi. Wamepatana katika vioo 84. Yaonekana ni mafanikio makubwa. Lakini hata kama kila mmoja angejibu kwa kubahatisha huku akishika uwiano wake wa 80 kwa 20, wangepatana katika vioo vipatavyo 68. Upatano wao wa kweli ni 16 tu juu ya 68, katika 32 zilizokuwa zimebaki: yaani nusu.

Kipimo hicho huitwa kapa, na kilibuniwa na Jacob Cohen mwaka 1960. Thamani ya 1 ni upatano kamili, na 0 ni bahati tupu. Ndicho hutumika kuamua kama kigezo fulani kinafaa kuingizwa katika mwongozo. Kigezo kizuri vitabuni, ambacho watu wawili hawawezi kukitumia kwa namna moja, kinarudi kuwa kibaba kilichobonyezwa.

Taarifa isiyoacha kimya

Hatua ya mwisho ni taarifa. Zamani mwanapatholojia aliandika insha. Nyingine zilikuwa nzuri kwa kusoma, lakini ziliacha mapengo. Taarifa ikinyamaza juu ya mishipa ya damu na limfu, daktari afahamu nini? Kwamba mishipa ilitazamwa na haikuwa na saratani, au kwamba haikutazamwa kabisa? Kimya hakina tafsiri moja.

Kwa hiyo ushirika wa kimataifa ulioundwa mwaka 2011 kwa ajili ya taarifa za saratani umetayarisha orodha za vipengele ambavyo kila taarifa iwe navyo. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, vipengele hivyo ni pamoja na aina ya upasuaji, ukubwa wa uvimbe, aina ya saratani, kina cha uvamizi, hali ya mishipa, umbali wa saratani kutoka kingo za kisu, na idadi ya mitoki iliyochunguzwa na ile yenye saratani. Hata ukubwa wa saratani ndani ya mtoki umepangiwa mipaka: zaidi ya milimita 2, zaidi ya milimita 0.2 mpaka 2. Na isiyozidi milimita 0.2. Penye shaka, huandikwa kuwa ipo shaka na sababu yake.

Wako wanaonung'unika kwamba orodha humgeuza mtaalamu kuwa karani. Hoja hiyo haikosi uzito, maana hakuna orodha inayoweza kuona badala ya jicho. Lakini rubani mzoefu naye husoma orodha yake kabla ya kuruka, wala ujuzi wake haupungui kwa hilo. Nafasi ya maelezo ya ziada imeachwa, na mtaalamu mwenye neno la kusema analisema hapo.

Manufaa kwa nchi zetu

Yawezekana msomaji akauliza kama mambo haya yanazihusu nchi ambazo wanapatholojia ni wachache na vipimo vya protini ni ghali. Yanazihusu sana. Sehemu kubwa ya mgawanyo wa 2018 hufanyika kwa rangi mbili ambazo kila maabara ya patholojia inazo. Orodha ya vipengele yaweza kuchapwa katika karatasi moja. Na sampuli inapopelekwa kwa mtaalamu wa mji mwingine, au mgonjwa anapohamishwa kutoka hospitali ya mkoa, taarifa iliyopangwa kwa vipengele vilevile humwepusha na kukatwa upya.

Ipo faida nyingine, ya taifa zima. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya virusi vya papiloma kwa wasichana nchi nzima mwaka 2018, na Kenya mwaka 2019. Rwanda ilitangulia mwaka 2011. Chanjo hizo huzuia aina za 16 na 18, lakini haziwezi kuzuia saratani isiyotokana na virusi. Vilevile kipimo cha kupaka siki, kinachotumika katika zahanati nyingi, hakionyeshi vizuri yaliyomo ndani ya mfereji. Miaka ijayo tutataka kujua ni wagonjwa wangapi wamepungua, na waliobaki wanaugua aina ipi. Jibu litatoka katika madaftari ya saratani, na madaftari hayawezi kuwa bora kuliko taarifa zinazoyajaza.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Wengi hao, hata hivyo, ni lazima kwanza wakubaliane juu ya maana ya neno lenyewe. Mwanamke anayengojea jibu la maabara hawezi kuitazama hadubini, wala hajui kioo chake kimewekwa mbele ya nani. Haki yake ni kwamba, yeyote atakayekitazama, ataita ugonjwa kwa jina lake, atapima kutoka mahali panapojulikana, na pale asipokuwa na hakika ataandika hivyo.